Mashine ya majani ya kuchaji inazima baada ya dakika nane, dukani wanasema betri imekufa

KijanaWaSahare

Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana nimekwama kweli. Mimi kazi yangu nafyeka majani majumbani hapa Tanga mjini, wateja wengi wako Raskazone, wachache Sahare na Kange, natembea na baiskeli, mashine naifunga kwenye keria betri mbili ziko begini. Miaka yote nilikuwa na fyekeo la mkono, mwaka jana nikajichanga nikanunua hii ya kuchaji, ile yenye uzi wa nailoni unaozunguka, betri zimeandikwa 21V. Ya petroli sikuitaka sababu ya bei ya mafuta na kelele, nyumba nyingine unakuta kuna mgonjwa au mtoto kalala.

Mwanzo ilikuwa raha tupu, betri moja inanipeleka karibu nusu saa. Sasa tangu masika yaanze inaenda dakika nane, ikijitahidi sana kumi, inazima ghafla kama umeme umekatika. Ukisubiri kidogo inawaka, dakika mbili tena kimya. Betri ukiishika ya moto, na nikiichomeka kwenye chaja taa nyekundu inapepesa tu haitulii. Juu ya hapo uzi nao hautoki, nagonga kichwa chini wee mpaka nachoka, inabidi nifungue kila mara niuvute kwa koleo.

Nilirudi dukani wakaiangalia kwa macho tu wakasema betri imekufa nunua nyingine, na betri peke yake ni zaidi ya nusu ya bei ya mashine nzima. Sasa kabla sijaenda kukopa, kweli ni betri? Na zote mbili zife mwezi mmoja?

MamaMwambani

Pole mwanangu. Mimi niko Mwambani karibu na bahari kabisa, mashine kama hiyo ninayo ya hapa nyumbani. Yangu ilinisumbua hivyohivyo inazimazima, kumbe vile vibati vya shaba pale betri inapoingilia vimeshika ukungu wa kijani. Ni hii hewa ya chumvi. Nilisugua kwa pamba yenye spiriti, palipogoma nikapitisha msasa laini kidogo tu, nikaacha pakakauka, ikatulia. Angalia na hapo pia, halafu usiilaze nje kwenye umande.

Na kama unanunua uzi usije ukadanganywa kuweka mshipi wa kuvulia samaki, kaka yangu aliuweka kwa vile anao mwingi, ulikuwa unakatika kila ukigusa ukuta mwisho ukayeyukia humo ndani.

Fundi_Makorora

Mdogo wangu usinunue betri bado. Betri mbili kufa pamoja inawezekana ila mimi huwa naanza kushuku kitu kinachozila hizo betri. Nijibu haya manne:

1. Uzi unaotumia ni wa unene gani, na ulinunua wapi?
2. Ile kinga ya plastiki kule chini bado ipo?
3. Ukimaliza kazi unachaji saa ngapi, papo hapo au unasubiri?
4. Ukiwasha mashine ikiwa hewani haijagusa jani, inalia sauti ileile ya zamani au imekuwa nzito?

KijanaWaSahare

Shukrani mama, vibati nitaviangalia leoleo.

Fundi, uzi uliokuja na mashine uliisha zamani, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikapewa wa mashine za petroli, pakiti imeandikwa 2.4 mm. Niliupenda maana haukatiki ovyo, kuta za Raskazone nyingi ni za mawe ya matumbawe, ule mwembamba ukigusa tu umeisha. Kinga niliitoa, ilikuwa inajaa majani mabichi. Kuchaji nachaji papo hapo, mteja akiwa na soketi nje naomba nachomeka wakati huohuo ili niwahi nyumba ya pili. Sauti kweli imekuwa nzito, nilidhani mota imezeeka.

Fundi_Makorora

Basi tumeshaipata, ngoja nikueleze vizuri uelewe maana ukielewa hutarudi tena kwenye hili shimo.

Mashine yako ni ndogo. Hizi za 18V mpaka 21V nyingi zimepimiwa uzi wa 1.6 mm, nyingine 2.0, inategemea, kwenye kitabu chake au kwenye kichwa chenyewe wameandika. Wewe umeiwekea 2.4. Uzi mnene unapigana na hewa kabla hata haujagusa jani, mota inavuta umeme mwingi muda wote. Halafu umetoa kinga. Ile kinga kazi yake siyo kuzuia mawe tu, angalia kwa ndani pembeni kuna kiwembe kidogo cha chuma, hicho ndo kinakata uzi ukizidi urefu. Bila kinga uzi unakuwa mrefu kupita kiasi, na ncha ya uzi mrefu inakimbia zaidi na mzigo unaongezeka sana, siyo kidogo. Yani umeipa punda gunia mbili halafu unamuuliza mbona hachapuki.

Sasa ndani ya betri kuna seli tano zimeungwa mfululizo, kila moja ikijaa ni volti 4.2, ndo unapata hiyo 21. Kuna na kisaketi kidogo cha ulinzi. Kisaketi kikiona umeme unavutwa kupita kiasi, au betri imepata joto, au seli moja imeshuka sana, kinakata. Kule kuzima ghafla na kuwaka tena ukisubiri ni kisaketi kinajiokoa. Betri iliyokufa kweli kwa kawaida hata ukiipumzisha haina nguvu.

Na taa kupepesa, chaja nyingi zinakataa betri ya moto. Seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la kupita nyuzi 40 au 45 hivi, sasa wewe unaitoa kazini jua la saa saba unaichomeka, lazima ikatae. Iweke kivulini nusu saa, ukiishika isikuunguze kiganja, ndo uchomeke. Maana ya kila mwako wa taa imechorwa kwenye chaja yenyewe, zinatofautiana.

Fanya hivi. Kwanza kabisa CHOMOA BETRI kabla hujapeleka mkono kwenye kichwa, hata kama umezima, kidole hakioti tena. Fungua kichwa, toa bobini, kile kigurudumu uzi unapozungushiwa, toa uzi wote. Angalia kwenye shafti chini ya kichwa kama majani hayajajisokota, chota kwa kijiti au kisu butu. Rudisha kichwa kitupu bila uzi, weka betri uwashe ikiwa hewani. Ikizunguka laini dakika mbili tatu na betri haipati moto, mota nzima na shida ilikuwa mzigo. Ikiwa nzito hivyohivyo bila uzi, au inatoa harufu ya kuungua, iache niletee niangalie makaa ya mota, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani, na beringi.

Uzi kutotoka: sababu huwa ni moja kati ya hizi, uzi umegandana kwa joto, au umezungushwa ukapishana, au umejazwa mpaka ukingoni, au springi imepotea ulipokuwa unafungua fungua, au uliobaki umekuwa mfupi mno. Kwenye bobini kuna mshale, zungusha kufuata mshale, mistari ilale safi upande kwa upande, usijaze mpaka juu acha nafasi kidogo. Bobini ndogo kama hiyo mita tatu hivi zinatosha. Na hakikisha yako ni ya kugonga kweli, maana kuna nyingine zinajitolea uzi zenyewe ukiachia swichi na kubonya tena, hizo ukizigonga unavunja kichwa bure. Kama ni ya kugonga, gonga ikiwa kwenye mwendo kamili na gonga kwenye udongo, siyo sakafu.

Ukuta wa matumbawe usiupige na uzi mzima. Simama nyuma kidogo acha ncha tu ilambe. Sentimita kumi za mwisho karibu na ukuta malizia na fyekeo lako la mkono, bado lina kazi hilo.

ngamiani_15

Fundi anazunguka sana. Mimi yangu ilivyokuwa inazimazima nilifungua betri nikakiruka hicho kisaketi kwa waya, nikawa naichaji na chaja ya betri ya gari. Inakwenda mpaka leo.

Fundi_Makorora

Kaka nakuomba sana usiwafundishe watu hivyo. Chaja ya betri ya gari imetengenezwa kwa betri ya asidi, haijui lini isimame kwa seli za lithiamu. Bila kisaketi hakuna kinachokata zikizidi, seli moja ikijaa kupita zenzake inavimba, na ikishika moto inawaka kwa kasi ya ajabu na zile za jirani zinafuata. Nimewahi kuletewa betri moja gerejini ganda limeyeyuka, na meza walipokuwa wameiweka imeungua, bahati ilikuwa mchana watu wako macho. Huyu kijana anachaji kwenye baraza za watu. Kama hiyo yako bado ipo usiichaji ukiwa umelala, na ikianza kuvimba au kutoa harufu tamu fulani kama rangi ya kucha itoe nje mbali na nyumba.

ngamiani_15

Nimekusoma fundi, hilo la harufu sikulijua, naitoa ndani leo.

MchungwaMuheza

Mimi niko Muheza, naitumia kwenye machungwa. La kuongeza kuhusu uzi, nailoni ikikaa muda mrefu juani au stoo yenye bati inakauka, inakuwa inakatika vipande vipande hata kwenye majani malaini. Mimi naloweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kuuzungusha, nailoni inakunywa maji inarudi kuwa laini, utaona tofauti. Usiweke stoo ya bati hata betri. Na betri kama hutaitumia miezi usiiache tupu, iache nusu hivi, ikikaa tupu muda mrefu inashuka mpaka chaja inakataa kuitambua.

Halafu tafadhali kwa wateja wenye miti michanga, usipitishe uzi shinani. Mimi nilimwachia kijana mmoja miche ya michungwa ya mwaka mmoja, akazungusha uzi karibu na kila mche ili pawe safi, gamba likachunika mzunguko mzima. Miche kumi na moja ilikauka kuanzia juu. Nilikuwa nimeimwagilia mwenyewe kiangazi chote. Majani ya shinani yang'oe kwa mkono.

Majani marefu nayo usiyaingie kwa chini, shuka nayo kutoka juu kwa awamu, la sivyo yanajisokota kwenye shafti ndo hayo aliyosema fundi.

KijanaWaSahare

Narudi na majibu, ni siku ya nne leo.

Nilichomoa betri nikafungua kichwa kama fundi alivyosema. Uzi wa ndani ulikuwa umegandana kama kashata, nilijaribu kutenganisha mstari mmoja ukaja na mitatu, nikaukata wote kwa kisu. Chini ya kichwa kwenye shafti nilikuta ukoka umejisokota umekaza kama kamba ya katani, kidole kizima unene, mwingine umeshakuwa mweusi kwa joto. Nilikaa kibarazani karibu saa nzima nachokoa na spoku ya baiskeli. Nilipowasha bila uzi ile sauti ya zamani ikarudi, nyembamba kabisa, mpaka mdogo wangu akatoka ndani akauliza umenunua nyingine?

Mama Mwambani ulichosema ni kweli pia, vibati vya betri moja vilikuwa na kijani, nimesugua na spiriti.

Uzi nimepata wa 1.6, sikuupata kwenye duka la kwanza wala la pili, nimeupata kwa wauza spea za mashine za kushonea na vitu vidogovidogo, nimeuloweka usiku. Kinga nimeirudisha, kila baada ya dakika kumi nazima nachomoa betri nakwangua majani kwa kijiti. Jana Raskazone betri ya kwanza imekwenda dakika ishirini na nne nikiangalia saa, na haikuzima ghafla, ilipungua nguvu taratibu mpaka ikaisha.

Ila betri ya pili ndo inanitia wasiwasi. Nimeipumzisha, imechaji mpaka taa ya kijani, lakini dakika kumi na mbili tu. Jirani ana multimita tukapima ikiwa imetoka kwenye chaja, ile nzima imesoma volti 20.7, hii mbovu imesoma 17.1.

Fundi_Makorora

Hongera mdogo wangu, umefanya kazi safi. Hiyo ya pili kwa hesabu hiyo kuna seli moja imekufa, zingine nne ziko sawa, nne mara 4.2 ni 16.8 na hicho kidogo kinachozidi ndo pumzi ya mwisho ya hiyo ya tano. Acha kuitumia na usiichaji tena, maana chaja inaweza kusukuma hizo nne kupita kiwango ikitafuta volti ambayo haipo. Seli moja inaweza kubadilishwa ila inabidi iwe ya aina na uwezo uleule na iunganishwe kwa ile mashine ya kuchomelea vibati kwa nukta, siyo lihamu la moto wa moja kwa moja. Niletee Makorora Jumamosi asubuhi, tupime zote tano moja moja kwanza. Ukikuta na nyingine iko chini, bora uongeze hela ununue, na kwa wakati huo utakuwa umeshafyeka nyumba kadhaa na hii moja.

KijanaWaSahare

Jumamosi nitakuwepo inshallah, nikitoka kwa mteja wa Chumbageni nakuja moja kwa moja.