MJADALA: Kwanini mtoto anaesomeshwa nyumbani lazima awe kituko kwenye katuni na muvi?

Asalaam alaykum wana Unguja na Pemba. Nna hoja nataka tuijadili kwa dhati. Katuni na muvi wanazotazama watoto wetu, hizi za Marekani zaidi, akitokea mtoto anaesomeshwa nyumbani na wazee wake basi mara nyingi ni kituko. Hajui kusalimia, hana rafiki, nguo kavalishwa na mama, ama ana akili za ajabu lakini mpira ukija anajikunyata. Kisha anapelekwa skuli na hapo ndo anaanza kuonekana mtu. Mie nasema hii ni dhulma na imeshafika mpaka mitaani kwetu.

Chukueni Mean Girls ya 2004, ni ya vijana lakini vipande vyake viko kila simu na watoto wa darasa la nne wanavijua. Msichana kasomeshwa Afrika na wazee wake watafiti wa wanyama, anaingia skuli Marekani ana miaka 16. Mwanzo tu anatwambia watu wanavowadhania wa aina yake, mara anaoneshwa mtoto wa miwani anataja herufi za neno gumu mashindanoni, mara vijana wa dini wanahubiri bunduki. Halafu yeye mwenyewe anawaamkia wanafunzi weusi kwa "jambo" na wanabaki kumkodolea macho. Neno letu hilo! Yaani kusoma nyumbani na kutoka Afrika vimefungwa kitita kimoja, na maana yake ni kwamba huyu hajui dunia.

Na yule mtoto wa miwani hakuzuka tu. Mwaka 1997 binti wa miaka 13 wa Brooklyn alishinda mashindano ya taifa ya Marekani ya kutaja herufi za maneno, wa kwanza kushinda akiwa anasomeshwa nyumbani, na neno la mwisho alilitaja kwa kupiga kelele herufi moja moja mbele ya televisheni. Mtoto, kafurahi, kosa lake nini? Mwaka 2000 akashinda mwengine wa nyumbani, na mwaka huohuo akashika nafasi ya pili mashindano ya taifa ya jiografia. Badala ya watu kuuliza wamesomeshwaje hawa mpaka wakafika hapo, kilobaki kwenye muvi ni miwani na kelele. Na si watu wawili watatu, mwaka 2016 kulikuwa na watoto kama milioni 1.7 wanaosoma nyumbani Marekani, majimbo yote 50 yanaruhusu, humo mna wagonjwa, mna waliokimbia kuonewa skuli, mna ambao wazee wao wameona bora hivo tu.

Hata hadithi zenye huruma sijaridhika nazo. Wonder, kitabu cha 2012 na muvi ya 2017, Auggie kazaliwa na uso wenye ulemavu, kafanyiwa operesheni 27, mama yake ndo kamsomesha mpaka anaingia darasa la tano. Kazi kubwa ile. Lakini hadithi inaanza pale nyumbani panapoishia, miaka yote ya yule mama na mwanawe mezani inapitwa mbio mbio kama haikuwa elimu.

Sasa kwetu. Mtoto wa dada yangu yuko Chake Chake, ana sikoseli, maumivu yakimshika anakosa skuli siku chungu nzima, mama yake akaamua amsomeshe nyumbani kwanza kwa vitabu vilevile vya skuli. Anasoma vizuri, Kiarabu anaandika kunishinda mie. Watoto wa mtaani wanamwita "yule wa kwenye katuni" na wanaigiza anavotembea. Hilo hawakufunzwa na wazee wao, wazee wao hata hawajui kama kuna kusoma kwa aina hiyo, wamefunzwa na simu. Na inanikera zaidi kwa vile sie ni watu tulosomea majumbani, chuo cha Kurani kilikuwa ukumbini kwa mwalim, mkeka, juzuu, mkubwa anamuongoza mdogo, na watu wametoka humo na msahafu kifuani. Leo mtoto wa nyumbani awe kichekesho kwetu sie?

Karibuni, anaepinga apinge.

MWALIMU WA WETE: Dada yangu, kwa muvi nakuunga mkono ila chuo usikitie humo. Chuoni ulikaa na watoto wa watu mkekani, mnagombana mnapatana, hapo ndo mtoto anajua kuishi na watu, sio sawa na anaekaa na mama yake peke yao. Na mie nna upande mwengine naouona. Kuna wazee ukiwauliza mtoto yuko wapi wanakwambia "anasoma nyumbani", kumbe yuko kwenye karafuu, au ni mlemavu kafichwa chumbani. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964 mana kabla ya hapo wengi walikaa nyumbani kwa kukosa, si kwa kuchagua. Ukianza kupasifu nyumbani, hao wanaoficha watapata pa kujifichia. Ujerumani wao wanalazimisha kila mtoto aende skuli, wazee wakaishtaki serikali mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, 2006 na tena 2019, na serikali ikashinda zote mbili.

MAMA WA JAMBIANI: Huku pwani wageni wakisomesha watoto wao nyumbani hakuna anaewacheka, wanaambiwa wana akili. Wetu akifanya hivohivo anaitwa mgonjwa. Hilo nalo mulitazame.

MTOA MADA: Bi mkubwa wa Jambiani umesema kweli tupu.

Mwalim, la kufichwa watoto sikupingi hata kidogo, sheha na mwalimu wakabishe hodi na mtoto atoke. Lakini muvi hizi zinamlinda vipi huyo alofichwa? Siku akitolewa akaja darasani kwako atakuta wenzake washafunzwa kumcheka kabla hajafungua mdomo. Na la kujua watu, huyu wetu jioni anakwenda chuoni na wenziwe, nyumba imejaa binamu, upweke wa yule wa kwenye katuni yeye haujui. Machi 2020 corona ilipofunga skuli, watoto wetu wote walikaa nyumbani na hakuna alowaita vituko.

Ninachotaka si katuni za kusifu nyumbani. Watu kama Ubongo Kids wa Dar, wa katuni za kufundishia watoto, walioanza 2014 na wanatumia Kiswahili, wangetuletea mtoto mmoja tu anaesomea nyumbani, awe na marafiki, awe mvivu wa hesabu, agombane na kaka yake kwa rimoti, mtoto basi. Na wazee tukae nao wanapotazama, wakicheka tuwaulize wanacheka nini.

Mwalim nijibu hili: darasani kwako mtoto akiitwa "wa kwenye katuni", unafanya nini?