Keneli (kiini cha mfumo wa Linux) ikiwaka: kprobe_event, bootconfig au initcall_debug?

Dagaa_Mwaloni: Wakuu, kompyuta za mizani hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza (Linux ya Debian, diski za SATA, GRUB ndiyo inayowasha keneli) umeme ukirudi zinachelewa kuwaka, na muda unapotelea kabla ya systemd (inayowasha huduma baada ya keneli). Nianze na ipi kati ya hizo tatu za kufuatilia keneli? bpftrace (zana ya kuchungulia keneli) itasaidia?

Igoma_C: bpftrace sahau, inahitaji mfumo uwe umeshawaka. Weka `initcall_debug` kwenye mstari wa keneli (vigezo inavyopewa inapowaka), kisha `dmesg | grep returned` uone kila initcall (kazi ya kuanzisha sehemu ya keneli) imekula mikrosekunde ngapi. Haihitaji matayarisho.

Pasiansi_Keneli: Kwa SATA itakudanganya, mkuu. libata (moduli ya keneli inayoendesha diski za SATA) inaachia uzi mwingine (thread) kazi ya kuamsha milango, kwa hiyo initcall inarudi haraka huku diski bado inasubiriwa. Chungulia `sata_link_hardreset`, kazi ya libata inayoamsha mlango, mwanzo na marejeo, kwa kprobe_event (kigezo cha kutega kazi ya keneli):

`kprobe_event=p:anza,libata:sata_link_hardreset;r:rudi,libata:sata_link_hardreset,$retval`

Ipo tangu keneli 5.3, mkato unashika nafasi ya nafasi tupu. Usiache `libata:`, moduli ikiwa bado haijapakiwa kutoka initrd (faili la awali linalopakiwa pamoja na keneli), jina tupu linakataliwa. Matokeo yako `/sys/kernel/tracing/trace`. Toa tofauti ya muda kati ya anza na rudi.

Igoma_C: Hapo GRUB itamliza. `$retval` inamezwa kama kigeu, na `;` inakata amri. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, zungushia kigezo chote alama za nukuu moja `' '`, na baada ya kuwaka hakikisha kwa `cat /proc/cmdline`.

Nyegezi_Seva: Ndiyo maana mimi ni wa bootconfig, faili la vigezo linalobandikwa kwenye initrd (keneli 5.6 kwenda juu; `%return` ya hapa chini ni 5.10 kwenda juu). Faili `mizani.bconf`:

```
ftrace.event.kprobes.anza {
  probes = "libata:sata_link_hardreset"
  enable
}
ftrace.event.kprobes.rudi {
  probes = "libata:sata_link_hardreset%return $retval"
  enable
}
```

Kisha `bootconfig -a mizani.bconf /boot/initrd.img-$(uname -r)`, na neno `bootconfig` kwenye mstari wa keneli. Ukisahau `enable`, tukio linaonekana lakini trace ni tupu. Tena `update-initramfs` ikipita inaunda initrd upya na kuifuta, uibandike upya.

Dagaa_Mwaloni: Keneli zote zinakubali?

Pasiansi_Keneli: Hapana. `grep -E 'KPROBE_EVENTS|BOOT_CONFIG|BOOTTIME_TRACING' /boot/config-$(uname -r)`, hizo tatu ziwe `=y`. BOOT_CONFIG ikikosekana, rudi kwa kprobe_event na nukuu zako. Keneli ikianguka kabla hujasoma trace, ongeza `ftrace_dump_on_oops` (inachapa trace kwenye konsoli) na uchomeke kebo ya seriali.