Fundi yule yule ametoboa madigadi ya Peugeot 404 yangu, kisha ananiuliza ninaangalia nini nyuma

Ndugu wanajukwaa, ninaandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Fundi mwenyewe sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna mwenye gari la zamani hapa Dar es Salaam ambaye hajawahi kutoka gerejini kwake akiwa amebeba nusu ya gari lake kwenye kiroba.

Nilimpelekea kioo cha kuangalizia nyuma, kile cha zamani cha mlangoni chenye ganda la kromu, kilichokuwa kimeanza kuota madoa meusi ukingoni. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa fedha uliofunikwa kwa rangi, na unyevu ukishapenya pembeni utando huo huharibika na kuwa mweusi. Dawa yake ni kukitoa kioo taratibu na kukipaka fedha upya, au angalau kukata kioo kipya bapa cha kipimo kile kile. Yeye alikitupa. Mahali pake akafunga kioo cha pikipiki, tena si mlangoni bali juu ya madigadi, baada ya kutoboa kwa drili mashimo ambayo ukichungulia unaona tairi, na mawingu yakitawanyika unaona mpaka Zanzibar. Chini ya kitako hakuweka mpira, wala kingo za mashimo hakuzipaka rangi ya kuzuia kutu, na kwa kuwa kioo chenyewe kimebinuka, lori linalotaka kunigonga linaonekana kana kwamba bado liko Chalinze.

Hayo yote ningeyameza. Lakini nilipomuuliza kwa heshima sababu ya kufanya hivyo, alinitazama, akalitazama gari, akasema mbele ya vijana wake: "Mzee, kwa mwendo wa gari hili unaangalia nini nyuma? Walio nyuma yako si unawasikia wakipiga honi?"

Vijana walicheka mpaka yule wa kujaza upepo akakaa chini. Ninaangalia nini nyuma! Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967. Siku zile 404 ilikuwa na sababu ya kuangalia nyuma, maana huko ndiko magari mengine yote yalikokuwa. Na bado fundi alidai fedha yake yote. Ninaangalia nini nyuma!

Drili Butu: Pole kwa mashimo, mkuu, lakini swali la fundi hujalijibu. Juzi nilikuwa nyuma ya 404 moja nyeupe Barabara ya Morogoro, nikapiga honi mpaka ikapoteza sauti. Je, ni wewe?

Mleta uzi: Gari langu ni la rangi ya maziwa, si jeupe, na usibadilishe mada. Mtu ananiuliza ninaangalia nini nyuma, mbele ya mjaza upepo!

Bibi Boneti: Shikamoo, mzee wangu. Magari ya mwanzo hayakuja na vioo hivyo. Mwaka 1909 Dorothy Levitt wa Uingereza aliwashauri madereva wanawake wabebe kioo cha mkononi, na mwaka 1911 Ray Harroun alifunga kioo kwenye gari lake la mashindano kule Indianapolis kwa sababu, tofauti na wenzake, hakubeba fundi wa kumwangalizia nyuma, na akashinda. Wewe mpakie huyo mjaza upepo.

Ganda la Kromu: Mnalilia mashimo tu? Mimi wa Tanga nilimpelekea fundi huyo huyo maganda ya vioo vya Volkswagen Beetle ayaweke kromu. Kromu halisi hukaa juu ya nikeli, na mara nyingi chini ya nikeli huwekwa shaba. Yeye alipaka rangi ya fedha ya mageti, na sasa kila nikirekebisha kioo inabandukia kiganjani, mpaka mama watoto ameanza kuniuliza nimempa mkono nani mwenye vipodozi vya kung'aa.

Mwenye Datsun: Afadhali ninyi. Datsun yangu ilitoka Japani na vioo juu ya madigadi, kwa kuwa sheria ya huko ilivitaka hapo hadi mwaka 1983. Fundi huyo aliving'oa, akaziba mashimo kwa puti, akavihamishia mlangoni na kunieleza kwamba Mjapani alikosea.

Mleta uzi: Kwa hiyo vyako alivitoa kwenye madigadi, na changu akakipeleka huko?

Ganda la Kromu: Kuna anayemjua fundi wa kromu wa kweli, anayeanza na shaba?

Drili Butu: Yupo mmoja eneo la Gerezani, hapa Dar. Atauliza kwanza kama ganda ni chuma au zinki, kwa sababu zinki ikishaliwa vishimo, kromu mpya huonyesha kila kishimo.

Mleta uzi: Samahani, uzi huu unahusu madigadi yangu.

Mwenye Datsun: Anatoza kiasi gani kwa jozi?