Kisigino na unyayo vinaniuma kila asubuhi, nitapata vipi nafuu?

Mama Jikoni:
Salamu wapendwa. Mimi ni mpishi, nasimama kwenye sakafu ya vigae tangu alfajiri hadi jioni. Kisigino cha kushoto kinaniuma kwa miezi sasa, upande wa ndani, pale upinde wa unyayo unapoanzia. Nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nashika ukuta, nachechemea hadi mlangoni, ndipo panalegea. Nikikaa kula kisha nikanyanyuka, ni yale yale. Eksirei imeonyesha mfupa umeota kisiginoni. Vidonge vya maumivu nimemeza hadi tumbo linaniwaka. Sasa natajiwa sindano, na wengine wanasema mfupa ukatwe. Naogopa. Aliyepona alifanyaje?

Fundi Cherehani:
Pole sana dada. Uchungu huo naujua, na kwangu umekwisha. Kwanza, huo mfupa usikutishe: watu wengi wanao na hawaumwi kabisa. Kinachouma kwa kawaida ni ule ukanda mnene unaotoka kisiginoni hadi chini ya vidole, ndio unaoshikilia upinde wa unyayo. Usiku mguu unalala umeelekea chini, ukanda unajikaza. Ukikanyaga ghafla unavutwa.

Kwa hiyo usishuke kitandani kabla hujaunyoosha. Kaa, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwenye ugoko. Kwa mkono mwingine papasa unyayo: utasikia ukanda umesimama kama kamba. Shikilia sekunde 10, achia, rudia mara 10. Rudia hivyo mchana na jioni.

Lakini kilichonitoa hasa ni kuupa mguu nguvu. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kisigino kikiwa hewani, taulo lililoviringishwa likiwa chini ya vidole ili vipinde kwenda juu. Shika ukuta. Inua kisigino kwa sekunde 3, tulia 2, kishushe kwa 3. Fanya mara 12, pumzika, jumla raundi 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mguu mmoja ukishindwa, anza na yote miwili. Ikiwa rahisi, beba mkoba wenye vitabu mgongoni. Usitegemee muujiza wa wiki moja, hili ni suala la miezi.

Na peku kwenye vigae acha, hata nyumbani. Viatu vyenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, uvivae tangu unapotoka kitandani.

Kaka wa Mazoezi:
Fundi kasema kweli. Niongeze kuhusu sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe: inatuliza, ila mara nyingi kwa muda tu, na inaweza kudhoofisha mafuta yanayokinga kisigino, hata ukanda kukatika. Muulize daktari wako hayo kabla ya kukubali. Upasuaji huwa wa mwisho kabisa, wengi hupona bila kuufikia.

Rudi hospitali mapema ukiona ganzi au kuwaka moto unyayoni, uvimbe, homa, maumivu yanayokuamsha usiku, au kisigino kinauma sana ukikibana pande zote mbili kwa viganja. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Mama Jikoni:
Mungu awabariki. Nimekibana, hakiumi hivyo, ni pale chini tu. Swali moja: nikifanya lile zoezi la ngazini panauma kidogo. Niache?

Fundi Cherehani:
Kuuma kidogo vumilia. Kipimo ni asubuhi inayofuata: hatua ya kwanza ikiwa kali kuliko kawaida yako, punguza raundi au tumia miguu yote miwili. Ikiwa vile vile au nafuu, endelea. Na mwombe mwajiri wako zulia la mpira pale unaposimama kukatakata, dada yangu.