Hewa ya Athi River, Januari na Julai: tupeane uzoefu

Jirani wa Reli
Wadau wa Athi River, Mlolongo, Kitengela na Syokimau, hebu tuambiane ukweli. Viwanda vyetu vya simiti hapa nje ya Nairobi ni vilevile mwaka mzima, lakini hewa ya Januari si hewa ya Julai. Kwangu Januari na Februari meza inafutwa asubuhi na jioni, vumbi tupu, ila kifua hakinisumbui. Juni ikiingia nyumba inakaa safi na mimi nakohoa hadi Agosti. Kwenu ikoje?

Mama Shiku
Afadhali umeuliza, nilidhani ni sisi tu. Kijana wangu ana pumu. Miezi ya jua inhela inasahaulika kabatini. Julai inatembea naye kwenye mfuko wa sweta ya shule. Daktari hakuanza na viwanda, aliniuliza napikia nini. Nikamwambia jiko la makaa, na kwa ile baridi tunaliingiza ndani tukafunga madirisha. Alinikemea kweli. Jiko likatoka nje, kikohozi cha usiku kikapungua. Cha alfajiri bado kipo, na hicho si cha jiko langu. Nyinyi mnaolala na jiko ndani, acheni: ile hewa ya makaa haina harufu wala haikohozeshi, inaua mtu usingizini.

Dereva wa Usiku
Mimi nabeba klinka, yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa simiti. Njoo uone foleni ya mizani ya Mlolongo saa kumi na moja asubuhi mwezi wa saba. Malori yamejipanga, injini zinanguruma, na moshi haupandi. Unatambaa usawa wa magurudumu, taa za mbele zinaukata kama kitambaa. Wauza chai wako hapo hapo ndani yake. Februari saa hiyohiyo hali inafanana, lakini jua likishawaka moshi unakwenda zake.

Mtoto wa Kapiti
Nimesomea mambo ya hali ya hewa, ngoja nisaidie. Usiku ardhi hupoa na kupoza hewa iliyo karibu nayo, hewa yenye joto kidogo ikabaki juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi, kwa hiyo kila kinachotoka kwenye bomba fupi, jiko au ekzosi kinabaki hapa chini tunapopumua. Siku za jua kali ardhi inapata moto mapema, hewa inachanganyika, mchana upepo unamaliza kazi. Julai wingu zito linashinda limefunika jua, kwa hiyo kuchanganyika kunachelewa, siku nyingine hadi mchana.
Halafu kuna upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi unatoka zaidi kaskazini mashariki, kwa hiyo wa Kitengela ndio wanaopokea. Katikati ya mwaka unageukia kusini mashariki, unasukuma kuelekea Mlolongo na Syokimau, tena taratibu.
Na lile vumbi la mezani ni chembe kubwa, nyingi huishia puani na kooni. Zinazofika ndani ya mapafu ni zile zisizofika maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na hizo huzioni mezani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha juu linachopendekeza cha chembe hizo, kwa wastani wa saa 24, kutoka maikrogramu 25 hadi 15 kwa kila mita ya ujazo.

Fundi Mabati
Mimi sijui maikroni, najua paa. Manyunyu ya Julai ni mabaya kuliko mvua. Yanalowesha vumbi la simiti bila kuliosha, likikauka linashika. Nimepanda juu ya nyumba nikakuta gata, ule mfereji wa maji ya paa, imejaa ukoko mgumu, nikaubandua kwa patasi. Kioo cha gari vilevile: usikwangue, utakichora. Paka siki, subiri, kisha maji mengi. Na mvua ya kwanza ya Aprili msikinge, iacheni ioshe paa.

Jirani wa Reli
Kuna kiwanda jirani, sikitaji, naapa kinafungulia moshi usiku tukilala.

Mtoto wa Kapiti
Inawezekana. Inawezekana pia kinatoa uleule wa mchana, ila usiku hauna pa kwenda. Andika saa na upepo unakotoka, piga picha ya bomba mchana na usiku, halafu peleka NEMA, mamlaka ya mazingira. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014, ila malalamiko ya "kunanuka" pekee hayafiki mbali.

Mgeni Mtarajiwa
Jameni, nimepata nyumba Mlolongo, kodi nafuu sana. Nilienda kuiona Jumapili ya Aprili baada ya mvua, hewa safi kabisa. Nilipe?

Mama Shiku
Aprili baada ya mvua hata mimi ningelipa. Mwulize jirani mwenye watoto, usimwulize landilodi, na upite tena Julai siku ya kazi, alfajiri.

Dereva wa Usiku
Na uangalie gata.