Tupeane uzoefu: hizi mboga tunazoziita za shida zimekusaidia nini?

Ming'oko (Newala): Wakuu, habari za leo. Huku kwetu mtu akishauza korosho tu anahamia kwenye kabichi na nyama, matembele anaachiwa mbuzi. Mke wangu alipokuwa mjamzito, kliniki walimkuta damu iko chini. Akapewa vidonge vya madini chuma, halafu nesi akamuuliza nyumbani tunakula mboga gani. Kabichi. "Na yale matembele niliyoyaona uani kwenu?" Nesi ni jirani, hatukuwa na pa kujificha. Tukaanza kula matembele na majani ya kunde karibu kila siku, na kipimo kilichofuata damu ilikuwa imepanda. Sisemi ni mboga peke yake, vidonge alimeza vyote. Nani mwingine ana lake?

Bibi Tui (Mikindani): Mwanangu, mboga za majani ya kijani iliyokolea ndizo zenye foliki asidi na madini chuma, kabichi haifui dafu hapo. Ila mle na ndimu. Chuma cha kwenye majani mwili unakipokea kwa shida, vitamini C inakisaidia kuingia. Ndimu ikamuliwe mezani, sio kwenye sufuria inayochemka. Na chai ya rangi isubiri, ukiinywa juu ya chakula inakizuia hicho chuma.

Mtoto wa Nachingwea: Mimi yangu ni choo. Samahani kwa mnaokula. Nilikuwa dereva wa malori, chipsi asubuhi chipsi jioni, chooni nalia. Mama akanirudisha kwenye majani ya maboga: unamenya zile nyuzi za vikonyo, unakatakata, unaunga kwa karanga. Na maji mengi. Tumbo likafunguka, sijagusa tena dawa za kulainisha choo.

Ming'oko: Hahaha, asante kwa ukweli mkuu.

Kinu na Mchi (Tandahimba): Naona kisamvu hakijatajwa. Kina protini nyingi kuliko majani mengi, na vitamini A yake inataka mafuta ili mwili uipate, kwa hiyo tui sio anasa. Lakini wanaokisaga siku hizi wanakipika haraka mno. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kuyatwanga mpaka yalainike ndiko kunakoifungua hiyo sumu, kisha unachemsha sufuria ikiwa wazi itoke na mvuke. Mimi tui silitii mpaka ile harufu ya ubichi iishe kabisa. Wenye umri wangu wanakumbuka konzo ilivyopoozesha watu miguu huku Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ile ilitokana na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, sio kisamvu, ila sumu ni hiyo hiyo.

Mabibo Matamu (Masasi): Na mabibo je? Vitamini C yake inaliacha chungwa mbali, sisi tunayaacha yaoze chini ya mikorosho!

Bibi Tui: Hayo ni matunda, mjukuu wangu, umetoka nje ya mada. Ila hujakosea.

Pwani ya Lindi: Baba yangu ana kisukari. Mnavu na bamia vimemsaidia kupunguza wingi wa ugali, sahani inajaa mboga na sukari haipandi ghafla kama zamani. Dawa zake anaendelea nazo, na daktari anajua anachokula. Mnavu tunachuma majani tu, vile vitunda vibichi vya kijani vina sumu. Magadi tumeyaacha, yanalainisha mboga lakini yanaua vitamini.

Mtoto wa Nachingwea: Mama yangu hatakubali hilo la magadi hata umletee profesa.

Mhudumu wa Zahanati: Nyongeza kwa wanaotumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda. Majani haya yana vitamini K nyingi, inayopingana nayo. Msiache kula, ila msile rundo leo halafu wiki nzima hamna. Kiasi kisibadilike-badilike, na mwambieni daktari.

Ming'oko: Nimeipata hiyo. Swali kwa Kinu na Mchi: majani ya kunde ya kuweka kwa ajili ya kiangazi mnaanika juani?

Kinu na Mchi: Kivulini, penye upepo. Jua kali linachoma vitamini A. Yachovye kwanza kwa muda mfupi kwenye maji yanayochemka, kisha tandaza kwenye jamvi safi.