Naomba ushauri: mradi wa kunasa droni kwa wavu, nijenge kwanza au nimalize hesabu?

Mhandisi_Mtarajiwa: Wadau, salamu kutoka Kisumu. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi wa mitambo. Mradi wangu ni mtambo wa kurusha wavu ili unase droni ndogo ikiwa hewani. Mfano wangu: droni iko mita 40, inakatiza mbele yangu kwa mita 10 kwa sekunde, nami narusha kwa mita 30 kwa sekunde. Bila graviti mlinganyo ni wa kipeo cha pili, muda wa kuifikia droni unatoka sekunde 1.41. Nikitia graviti unapanda hadi kipeo cha nne, muda unakuwa 1.46. Kufikia hapo droni imesogea zaidi ya mita 14, na nilichorusha kimeshuka zaidi ya mita 10 chini ya mstari nilioulenga. Ukinzani wa hewa bado sijauweka. Wenzangu wanasema jopo la watahini litataka kuona droni ikianguka. Pesa ni kidogo na muda unayoyoma. Nianzie wapi?

FundiKondele: Jenga, kijana. Ila usianze na wavu. Wavu ukishafunguka unashika hewa na kasi inakufa upesi, kwa hiyo hesabu yako ya sasa haiufai. Anza na mpira wa tenisi, pima unapoangukia, ndipo uje kwenye wavu. Na upime asubuhi, kwa sababu alasiri upepo wa ziwa utakuharibia vipimo vyote.

Mwalimu_Kakamega: Mwanangu, hesabu zako ziko sawa, na swali zuri liko ndani yake. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hutapata jibu la mstari mmoja. Andika programu fupi ya kompyuta kwa lugha ya Python, ugawe safari katika vipande vidogo vya muda, kila kipande upige upya hesabu ya kasi na mahali. Kisha jiulize: kamera na mota za kulenga zikichelewa sekunde 0.1, nini kitatokea? Droni itakuwa imesogea mita 1 nzima. Kama wavu una upana wa mita 2 na ulilenga katikati, droni imeshafika ukingoni mwake. Na hapo tumedhani droni haikati kona! Mimi ningekuwa kwenye jopo, grafu ya kuchelewa dhidi ya umbali wa kukosa ingenivutia kuliko droni iliyoanguka mara moja kwa bahati.

Nyanza_Angani: Naongezea jambo zito. Kurusha droni Kenya kunasimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kanuni za mwaka 2020, na Kisumu ina uwanja wa ndege. Usijaribu kitu hewani bila idhini. Droni ikianguka kutoka mita 30 inaweza kufika chini na kasi inayokaribia mita 24 kwa sekunde. Hiyo inaua mtu. Ning'iniza boksi jepesi kwenye waya, livutwe kwa mota ndani ya ukumbi, watu wote wakae nyuma ya mtambo.

Mhandisi_Mtarajiwa: Asanteni sana, mmenifungua macho. Mwalimu, kasi ya boksi nitaipima kwa kamera ya simu. Inatosha?

Mwalimu_Kakamega: Inatosha. Weka alama sakafuni kila nusu mita, simu iwe juu ya stendi, isishikwe mkononi. Ukipata data ya kwanza, ilete hapa tuitazame pamoja.